Kabla ya Kuhesabu Kuku, Tuhesabu Maji



Himdi zote ni zake Mwenyezi Mungu, aliyejaalia kila chenye uhai kitokane na maji. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Wapenzi wasomaji wetu, mama zetu, dada zetu na watoto wetu, tunayaandika haya tukiwa Kishushe, katika uwanda ulio chini ya milima ya Taita, upande unaopakana na Mbuga ya Tsavo Magharibi. Upepo wa kaskazi unavuma, vuli imekwisha kitambo na masika bado iko mbali. Kila asubuhi tunayaona mawingu yameilalia milima ya Wundanyi kama kilemba cheupe, na kila adhuhuri tunayaona yakiyeyuka bila ya kututeremkia. Huku chini ardhi imepasuka, mabati yanalia kwa joto, na mbwa wa jirani amechimba shimo chini ya gari bovu apate kulaza tumbo lake penye ubaridi.

Katika majira kama haya wengi wenu hutuuliza juu ya bustani ya nyuma ya nyumba na mifugo ya uani. Mmoja analalamika kuwa mchicha umekauka, mwengine kuku wake wanakufa mchana wakiwa wamekunjua mbawa, na wa tatu anauliza kama ana dhambi kwa mbuzi aliyemfia. Suali hili la tatu ndilo lililotufanya tushike kalamu, kwa sababu mwaka huu limetufika sisi wenyewe, nyumbani kwetu, na aliyetuuliza ni mtoto wa miaka tisa.

Mjukuu wetu alikuwa na mbuzi jike. Alimnunua kwa pesa zake za Idi alizozilimbikiza miaka miwili, akaongezewa kidogo na mama yake. Mbuzi alikuwa na mimba, na mtoto alikwisha kuwagawia ndugu zake maziwa ambayo hayajatoka. Siku moja ya Jumatano yeye akenda skuli, nasi tukapokea habari ya msiba Voi. Kabla ya kuondoka tulimfunga yule mbuzi kwa mkono wetu wenyewe, upande wa magharibi wa mgunga ulioko nyuma ya choo, palipokuwa na kivuli kizuri cha asubuhi. Tukamwekea maji katika beseni, tukaona tumetimiza wajibu. Mama wa nyumba yetu naye alitangulia mazikoni, na nyumba ikabaki haina mtu.

Tulirudi baada ya Alasiri. Kivuli kilikuwa kimehamia mashariki ya mti tangu adhuhuri, na kamba haikumruhusu mbuzi kukifuata. Beseni alikuwa amelipindua, pengine katika kuhangaika kwake, na mchanga ulikuwa umekwisha kuyanywa maji yote. Tulimkuta amelala ubavu, ulimi nje, akihema mbio mbio. Tulimburura hadi kivulini, tukamlowesha miguu na tumbo, tukamtilia maji mdomoni kidogo kidogo. Hakufika Magharibi.

Mama wa nyumba yetu alisimama akautazama ule mti, kisha akasema neno moja tu: "Sheikh, mbuzi ana kamba, kivuli hakina."

Mtoto aliporudi hakulia mbele yetu. Alikaa kizingitini mpaka tuliposwali Isha, ndipo akauliza: "Babu, yule mwanamke wa paka, na yeye alisahau tu?"

Wiki ile ile tulikuwa tumewasomesha watoto wa madrasa hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia paka mpaka akafa, hakumlisha wala hakumnywesha, na wala hakumwachilia akajitafutie mwenyewe vidudu vya ardhini. Tuliisomesha kwa sauti nzuri na kwa maelezo marefu, na mjukuu wetu alikuwa amekaa safu ya mbele.

Tulinyamaza kitambo, kisha tukamjibu kwa namna ambayo tungependa kuwajibu na nyinyi, kwani majibu haya yana sehemu mbili na wengi huishika moja wakaiacha ya pili.

Sehemu ya kwanza ni kwamba kusahau si sawa na kukusudia. Mwenyezi Mungu kwa rehema yake ameusamehe umma huu makosa ya bahati mbaya na ya usahaulifu. Mwanamke yule hakusahau. Alijua kuwa paka yumo ndani na akamwacha. Hiyo ndiyo faraja.

Sehemu ya pili ni nzito zaidi. Usahaulifu huondoa dhambi, lakini hauondoi dhamana. Mwenye kuharibu mali ya mwenzake kwa kusahau hulazimika kuilipa hata kama hana lawama mbele ya Mola wake. Kwa hivyo tulimhesabia mjukuu wetu thamani ya mbuzi mwenye mimba kwa bei ya mnada, tukampa mkononi mbele ya bibi yake. Wala haifai mtu mzima kujificha nyuma ya neno "nilisahau" kila mwaka joto linapokuja. Anayejua kuwa atasahau na asijiwekee la kumkumbusha, amekaribia kukusudia.

Tukiitazama tena hadithi ya paka, tutaona kuwa mwanamke yule alikuwa na milango miwili ya kutokea: kumlisha au kumwachilia. Aliifunga yote miwili. Basi ndani ya hadithi hii iko kanuni inayomhusu kila mwenye zizi, banda na kamba. Mnyama wa porini mwenyewe huenda mtoni. Mnyama uliyemfunga hana mto ila wewe. Siku ulipomtia kamba shingoni uliichukua kazi ya miguu yake. Ndiyo maana mafakihi wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi wameandika kwamba nafaka ya mnyama, yaani chakula chake na maji yake, ni wajibu juu ya mwenyewe. Akishindwa, ataamrishwa amuuze, au amchinje ikiwa ni wa kuliwa, wala haachwi aendelee kummiliki huku mnyama akidhoofika. Na Mtume (S.A.W.), kama alivyopokea Abu Daud, alipompitia ngamia ambaye mgongo wake umegandana na tumbo kwa njaa, aliwaonya watu wamwogope Mwenyezi Mungu katika wanyama hawa wasioweza kusema.

Wanawazuoni wakatufunza wajibu. Mama wa nyumba yetu akatufunza hesabu.

Kesho yake alichukua mkaa akachora ukutani nyuma ya jiko. Kisha akatuuliza suali ambalo katika miaka yote ya kufuga na kulima hatukuwahi kujiuliza: nyumba hii inapata maji kiasi gani kwa siku, na nani anayanywa? Tulijua idadi ya kuku. Tulijua idadi ya vitanda vya mboga. Idadi ya maji hatukuijua, kwa sababu si sisi tuliokuwa tukiyateka.

Tunaiandika hesabu ile hapa ili kila mama aifanye kwa nyumba yake. Punda wetu huleta madumu manne ya lita 20 kwa safari moja, na huenda safari mbili. Yeye mwenyewe hunywa hukohuko kwenye birika la kisima, kwa hivyo hakuingia hesabuni. Basi tuna lita 160 kwa siku. Sisi ni watu saba, na kwa kunywa, kupika, kutawadha na kuoga tuliweka lita 15 kwa kila mmoja, jumla 105. Kufua kuna siku yake. Zikabaki lita 55. Mbuzi watatu waliosalia, mmoja wao ananyonyesha: tulimwekea huyo lita 8 na wenzake lita 5 kila mmoja, jumla 18. Zikabaki 37. Kuku kumi na wawili, katika joto hili ambapo kuku huweza kunywa maradufu ya siku za kawaida, lita 5. Zikabaki 32. Miche mitatu ya miti, lita 4 kila mmoja, ni 12. Zikabaki lita 20 tu kwa bustani nzima.

Kitanda cha mboga katika jua kali huhitaji kiasi cha lita 5 kwa kila mita moja ya mraba kwa siku. Kwa hivyo lita 20 zinatosha mita nne za mraba, yaani kitanda kimoja cha upana wa mita moja na urefu wa mita nne. Na sisi tulikuwa na vitanda sita. Vilihitaji lita 120, tukawa tunavigawia lita 20 kwa matone, na kila kimoja kikapata kiasi cha kukirefushia mauti yake. Vitanda vile sita vilikuwa vinaiba. Viliiba kwa kuku, viliiba kwa mbuzi, na zaidi ya yote viliiba kwa mgongo wa mama aliyekuwa akiongeza dumu la kichwani jioni ili mboga zisife, bila ya kumwambia mtu.

Basi jambo la kwanza tunalowausia katika majira haya ni hili: kabla ya kuhesabu kuku, tuhesabu maji. Ukikuta maji yako yanatosha kuku sita, fuga sita, na hao wengine wauze au uwachinje mapema wangali wanono, kabla joto halijawachagua lenyewe. Kupunguza kwa wakati ni rehema, na aliyepunguza hakushindwa.

Jambo la pili ni mpango wa kugawa. Hapa tunaweza kujifunza kwa ndugu zetu wa Oman, ambao wengi wetu wa pwani tuna damu yao au tuna jamaa zetu huko. Wao wana mifereji ya kale iitwayo aflaji, inayoteremsha maji ya milimani hadi vijijini, na mitano kati yake iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Maji yanapoingia kijijini hupitia kwanza mahali pa kuteka ya kunywa, halafu msikitini na sehemu za kuoga na kufua, ndipo yakafika mashambani. Na mashambani mitende ndiyo ya mwanzo. Ukame ukizidi, ardhi ya mazao ya msimu hupunguzwa, lakini mitende huendelea kunyweshwa, kwa sababu boga likifa utapanda jengine baada ya mvua, na mtende ukifa umepoteza kazi ya babu yako.

Nasi katika nyumba zetu tuupange mgao kwa utaratibu wa namna hiyo. Kwanza watu. Pili wanyama waliofungwa, kwa sababu hawana pengine pa kwenda. Tatu miti, hasa miche michanga ya mwarobaini, mlonge, mwembe na mpapai. Nne mboga. Anayemwagia sukuma wiki huku mbuzi analia zizini ameupindua mgao.

Tuje sasa kwenye bustani yenyewe, na kitanda kile kimoja tulichobakiwa nacho.

Kitanda cha msimu wa joto kisiinuliwe kama cha masika. Kizamishwe chini kidogo, mfano wa sinia, ili tone lolote lisitoroke. Kifunikwe kwa matandazo ya nyasi kavu au majani, unene wa vidole vinne, lakini matandazo yasiguse shina la mmea, maana huku kwetu mchwa wanangoja mwaliko tu. Udongo uliofunikwa hukaa na unyevu muda mrefu zaidi ya ule ulio uchi. Maji yatiwe baada ya swala ya Alfajiri au jioni jua linapotua, yatiwe shinani taratibu, wala yasirushwe mchana, kwani mengi yatapaa kabla ya kuifikia mizizi.

Mwenye mtungi wa udongo usiopakwa rangi, hata kama umepasuka shingo, asiutupe. Aufukie katikati ya kitanda mpaka shingoni, aujaze maji, aufunike kwa kigae. Maji hupenya kwenye kuta za mtungi pole pole na mizizi ya jirani hujinywea yenyewe. Mtungi mmoja hujazwa kila baada ya siku mbili tatu na hulea mimea mitano sita kuuzunguka. Asiyekuwa na mtungi atoboe chupa ya plastiki tundu ndogo za sindano aifukie vivyo hivyo.

Tuchague pia mboga zinazolijua jua. Kunde, mchicha, bamia na majani ya maboga huvumilia. Sukuma wiki katika joto hili hudumaa na kuvamiwa na vidukari, na spinachi hukimbilia kutoa mbegu. Tuziache hizo mpaka masika. Ukitaka kivuli, simamisha miti minne na uezeke makuti au gunia lililochanika, upande wa jua la alasiri, kwa sababu jua la asubuhi mmea unalihitaji.

Kuna maji mengine ambayo tulikuwa nayo na hatukuyahesabu. Ni maji ya udhu. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, nayo ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani, haifiki lita moja. Sisi tukiwa na bomba tunatumia ndoo. Tangu tuliporudi kwenye kopo, na tukahamishia mahali pa kutawadhia pembeni mwa kitanda cha pili chenye mfereji mdogo, zinateremka humo kiasi cha lita 15 kwa siku. Kitanda kile kilichokuwa kimekufa kina mchicha sasa. Na asiwe mtu na wasiwasi: maji yaliyokwisha kutumika katika udhu, kwa madhehebu yetu, ni tohara katika nafsi yake ingawa hayafai kutawadhia tena, na mmea hautawadhi. Maji ya kuoshea mchele na mboga nayo ni mazuri. Ya kufulia yenye sabuni nyingi tuyapeleke kwenye miti mikubwa, tusiyatie kwenye mboga za majani.

Ama kuku, adui yao mkubwa si jua peke yake, bali ni banda. Banda fupi la mabati lililozibwa pande zote kwa kuogopa cheche na paka mwitu ni tanuri. Ukuta wa wavu pande mbili zinazopokea upepo, na makuti juu ya bati, hupunguza joto sana. Kuku akikunjua mbawa na kuhema kwa mdomo wazi, anakwambia kuwa amezidiwa. Mpeleke kivulini, mpe maji ya baridi, mloweshe miguu na kilemba chake. Chakula wape alfajiri na jioni, kwa sababu kumeng'enya chakula kunaongeza joto mwilini. Maji yawekwe katika vyombo viwili, na kila kimoja mahali pake, ili kimoja kikipinduliwa kibaki kingine. Chombo cha udongo huyaweka maji baridi kuliko cha plastiki. Na chanjo ya kideri isingoje kuku waanze kusinzia. Hupewa kuku wazima, asubuhi na mapema, na chanjo yenyewe ibebwe katika ubaridi mpaka saa ya kutumika, kwani joto huiua.

Ama mbuzi, wafunguliwe asubuhi na mapema, warudishwe kivulini kabla ya adhuhuri, na majani wapewe jioni. Ikiwa ni lazima kumfunga, afungwe penye kivuli cha paa, ambacho hakihami sana kama cha mti, au afungwe kwa kamba itakayomwezesha kuuzunguka mti wote bila ya kujinyonga. Beseni litiwe ndani ya tairi bovu ili lisipinduke. Na nyumba isitoke yote. Mkitoka nyote, mpeni jirani amana kwa ulimi, mtaje saa: "Baada ya Adhuhuri tuangalizie mbuzi." Neno hilo moja lingemwokoa mbuzi wa mjukuu wetu, na jirani alikuwako siku nzima.

Kwetu Kishushe kuna mgeni mwengine ambaye wasomaji wa Mombasa na Malindi huenda wasimfikirie. Mvua ziliposhindwa misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa 2020 mpaka mwisho wa 2022, Serikali ilitangaza kwamba ndovu 205 walikufa nchini baina ya Februari na Oktoba 2022, na Tsavo ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika. Ndovu mwenye kiu hunusa maji ya tangi na harufu ya papai lililoiva. Kwa hivyo mapapai yavunwe yakianza kupiga rangi, madumu yalazwe ndani, na mtoto asitumwe uani usiku. Ndovu akiingia, asifukuzwe kwa mawe. Waitwe askari wa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS). Kule Sagalla, karibu na Voi, wakulima wametundika mizinga ya nyuki katika nyua za mashamba yao, kwa kuwa ndovu huogopa nyuki, na asali ikawa faida juu ya amani. Nyuki nao wana kiu: waweke sahani ya maji yenye vijiwe vya kusimamia, watakuachia bomba lako.

Mapipa ya maji yafunikwe siku zote, kwa sababu mbili. Mbu wa homa ya dengue, ambayo watu wa Mombasa wameionja, huzaa katika maji masafi ya majumbani. Na mtoto mchanga anayetambaa huweza kuzama katika ndoo isiyojaa hata nusu.

Tunabakiwa na neno kwa wanaume wenzetu, ambao huenda wakasomewa makala haya na wake zao. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alieleza kuwa alikuwa katika kazi za watu wa nyumbani mpaka swala ikiingia akatoka. Mwanamume anayeamrisha bustani na mifugo lakini hajui dumu la maji linavyokata kiganja, anatoa sadaka ya mgongo wa mtu mwengine. Tangu siku ile ya mkaa ukutani, safari ya pili ya punda ni yetu sisi. Tulidhani tunaijua njia ya kisimani. Hatukujua kuwa ina mwinuko.

Na neno kwa walioko mjini: maji ya chemchemi ya Mzima, iliyomo ndani ya Tsavo Magharibi, yamesafirishwa kwa bomba hadi Mombasa tangu zamani. Ukifungua bomba lako Majengo au Old Town, huenda maji yale yamekupitia kwetu kabla ya kukufikia. Hatusemi hayo kwa kulaumu. Tunasema ili ukifunga bomba baada ya udhu wako uwe unajua kuwa kuna mtu na mnyama katika njia yake yote. Na Ramadhani ambayo miaka hii inatufikia katika joto itatuonjesha kidogo. Kiu ya mfungaji ina adhana yake ya Magharibi. Kiu ya mnyama aliyefungwa haina adhana, inangoja mlango ufunguliwe tu.

Imepokewa vilevile na Bukhari na Muslim kwamba Muislamu hapandi mti wala halimi mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, ila huandikiwa sadaka. Basi hata ukibakiwa na kitanda kimoja, usikidharau. Kitanda kimoja kinachonyweshwa ni sadaka inayoendelea, na vitanda sita vinavyokauka ni mzigo.

Mjukuu wetu tulimuuliza kama anataka tumnunulie mbuzi mwengine mnada ujao. Alikwenda nyuma ya jiko, akasimama mbele ya ukuta wa mkaa akihesabu kwa vidole, akarudi akasema: "Baada ya masika, Babu. Sasa hivi hana maji yake." Pesa zake ziko kwa bibi yake, ndani ya kitambaa.

Kazi ya wiki hii, wapenzi wasomaji, ni moja. Kabla ya Ijumaa ijayo, chukueni mkaa au kalamu, muandike maji yanayoingia nyumbani kwenu kwa siku, na chini yake muandike kila anayeyanywa, mwenye miguu miwili, mwenye miguu minne na mwenye mizizi. Ikiwa hesabu haikutani, punguzeni sasa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atuteremshie mvua yenye manufaa isiyo na madhara, awahurumie viumbe wake wasioweza kusema, atusamehe tuliyoyasahau, na atusaidie kulipa dhamana zake. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.